Maswali na majibu: Dada, jina la nani liko kwenye hati?

Safari hii nimechagua maswali ya wanawake wanaonunua kiwanja au nyumba kwa mara ya kwanza, Arusha na Moshi. Nimeyafupisha. Wale mliouliza hati ni kitu gani, muulizeni mtu wa karibu awaeleze. Mimi naanzia pale ambapo hela iko benki na dalali anapiga simu mara nne kwa siku.

Nimeonyeshwa kiwanja Muriet, milioni 18. Hakijapimwa, ila dalali anasema upimaji uko njiani na mwenyekiti wa mtaa yuko tayari kugonga muhuri leo. Kuna wateja wengine wawili wanakitaka. Nilipe? (Muuguzi, Arusha)

Usilipe leo. Hao wateja wengine wawili wapo kwenye kila kiwanja kinachouzwa Arusha.

Muhuri wa mwenyekiti unathibitisha kwamba mwenyekiti alikuwepo mlipoandikishana, basi. Hauthibitishi kwamba anayeuza ndiye mwenye mali, wala kwamba kwenye mchoro wa mipango miji eneo hilo si barabara au uwanja wa shule. Na ile asilimia 10 inayodaiwa ofisini kwake, Sheria ya Ardhi haina kifungu chake. Ukitoa, ujue umetoa shukrani.

Fanya hivi. Simama kwenye pembe nne za kiwanja, chukua alama za GPS kwa simu yako, uende nazo ofisi ya ardhi ya Jiji. Mwulize ofisa mipango miji: eneo hili lina mchoro? Limepangwa kwa matumizi gani? Mwulize mpima: kuna kazi ya upimaji iliyofunguliwa hapa, na jina la nani limeandikwa? "Upimaji uko njiani" ni maneno yanayoweza kukaa njiani miaka 10. Toka hapo upite Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, uulize kama kuna shauri juu ya eneo hilo au juu ya huyo muuzaji. Kisha rudi kiwanjani bila dalali, ongea na majirani wa pande zote: huyu alinunua kwa nani, lini, na nani amewahi kuja kudai. Siku ya mkataba, majirani hao wasaini kuthibitisha mipaka. Jirani akikataa kusaini, amekwisha kukujibu.

Kikiwa kimepimwa na kina hati, kazi ni nyepesi zaidi. Chukua namba ya kiwanja, kitalu na nakala ya hati, omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati kwenye ofisi ya ardhi ya mkoa. Tangu 2020 kila mkoa una ofisi yake. Majibu yataonyesha jina la mmiliki, rehani kama ipo, na zuio kama lipo. Nakala ya hati anayokuonyesha muuzaji ni karatasi tu mpaka ilingane na daftari la Msajili. Upekuzi ufanywe siku chache kabla ya kulipa, maana wa miezi miwili iliyopita haukuambii kama jana amekwenda kuchukua mkopo. Deni la kodi ya pango la ardhi uliza peke yake, usipouliza utalirithi.

Hela ipite benki, iingie akaunti yenye jina lile lile lililo kwenye kitambulisho cha NIDA cha muuzaji. Siyo akaunti ya mdogo wake, siyo fedha taslimu kwenye mfuko wa rambo. Dalali ana malipo yake, yaandikwe pembeni, na mwulize muuzaji ana kwa ana anataka shilingi ngapi. Hapo ndipo utakapojua cha juu cha dalali ni kiasi gani. Na siku hizi kila kiwanja "kiko karibu na uwanja". Uwanja wa AFCON ya 2027 uko Olmoti. Fungua ramani uhesabu kilomita mwenyewe kabla hujalipia ukaribu huo.

Muuzaji anasema 20 kwa 20. Ni mita au ni hatua?

Ni hatua, tena ni hatua zake yeye. Ekari ni mita za mraba 4,047, na mtaani wanaiita 70 kwa 70, maana yake hatua moja imehesabiwa kama sentimita 91 hivi. Dalali akikatisha kwa hatua fupi za sentimita 70, ile 20 kwa 20 inakuwa mita za mraba 196 badala ya 331, na bei haishuki hata shilingi. Beba utepe wa mita 50. Pima pande nne, halafu pima kona kwa kona mara mbili. Vipimo vya kona vikipishana sana, kiwanja kimepinda, na ramani ya nyumba uliyochorewa haitakaa. Kwenye mkataba ziandikwe mita.

Mchumba wangu anasema tuchangie nusu kwa nusu, ila liandikwe jina lake kwa sababu wauzaji wanamheshimu mwanaume na bei itashuka.

Aende akapatane bei, mkataba uandikwe majina mawili. Uchumba hauna kifungu cha kugawana mali. Mkiishi pamoja miaka 2 au zaidi, kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinaweza kukuhesabu kama mke, lakini hilo ni jambo la kwenda kuthibitisha mahakamani, na swali la kwanza litakuwa risiti ya benki ina jina la nani.

Hapo hapo niwajibu wale wanne mlioniandikia kuhusu kuandika jina la kaka. Kuwa Dar, Oman au kazini siku ya kusaini si sababu ya kumwandika kaka. Kuna hati ya uwakilishi, wakili anaitayarisha, kaka anasaini kwa niaba yako na jina linabaki lako. Kaka ni mtu mzuri. Kaka ana mke, ana watoto, na siku akifariki kiwanja kinaingia kwenye mirathi yake. Wewe utabaki shangazi anayedai.

Nimeolewa miaka 9, nauza vitenge Moshi mjini. Nataka kununua kiwanja kimya kimya kwa jina langu. Sheria inaruhusu? Akija kujua?

Inaruhusu, na hukuhitaji kunong'ona. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 56, inampa mwanamke aliyeolewa haki ile ile ya mwanaume ya kupata mali, kuimiliki na kuiuza. Sheria ya Ardhi nayo, kifungu cha 3, inasema haki ya mwanamke kwenye ardhi ni sawa na ya mwanaume kwa viwango vile vile. Hakuna ofisi ya ardhi yenye haki ya kukuuliza "mumeo anajua?" wakati unanunua.

Sasa upande wa pili, ambao hukuuliza. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Ndoa kinasema mali iliyonunuliwa wakati wa ndoa kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa ya huyo mmoja, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Neno zito ni hilo "mpaka". Ukijenga hapo, mkahamia wote, mumeo akaezeka au akaweka umeme, kiwanja cha siri kimegeuka nyumba ya ndoa. Kuanzia hapo kifungu cha 59 kinakubana hata wewe: huwezi kuiuza wala kuiweka rehani bila ridhaa yake, kama yeye asivyoweza bila yako. Ndoa ikivunjika, mahakama inatazama kilichopatikana kwa juhudi za wote wawili, kwa kifungu cha 114. Na juhudi si fedha peke yake. Tangu 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango. Kanuni hiyo imewasaidia wake wengi ambao hawakuwa na risiti hata moja. Wewe unayo biashara, kwa hiyo tunza risiti.

Maoni yangu: siri ina gharama. Mwanamke anayenunua kwa siri hulipa taslimu ili benki isionyeshe, huficha mkataba kwa rafiki, huacha kuhamisha hati kwa sababu barua za ardhi zitafika nyumbani. Miaka mitano baadaye ana kiwanja ambacho kwenye karatasi bado ni cha muuzaji. Ukinunua kwa jina lako, nunua kikamilifu: benki, mkataba, ushuru, uhamisho. Umwambie au usimwambie ni ya kwenu wawili.

Mkiamua kuandika majina mawili, chagueni namna. Kuna umiliki wa pamoja usiogawanyika, ambapo mmoja akifariki aliyebaki anachukua chote. Na kuna umiliki wa hisa, kila mmoja na sehemu yake, mfano asilimia 60 na 40, na sehemu ya aliyefariki inaingia kwenye mirathi yake. Kama mume ana watoto wa nje ya ndoa, tofauti hii ndiyo itakayoamua utalala wapi. Msiache wakili awaandikie "mume na mke" akaishia hapo.

Na kama nyumba mnayoishi ina jina lake peke yake na unahisi anataka kuiuza, nenda kwa Msajili wa Hati uweke zuio. Usisubiri kuona mnunuzi anapima uzio.

Kiwanja Njiro bei gani?

Mwulize anayeuza.

Mzee mmoja Kibosho anauza kipande cha kihamba (shamba la ukoo la Wachagga), milioni 25, migomba na kahawa bado ipo. Watoto wake wa kiume wamekubali. Mimi si wa ukoo huo, na ni mwanamke. Nitapata shida?

Uanamke wako si tatizo la kisheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, kifungu cha 20, inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi kwa sababu tu ni mwanamke, na mwaka 1990 Mahakama Kuu, katika shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory lililotoka Bukoba, ilishasema mwanamke anaweza kuuza ardhi ya ukoo kama mwanaume. Shida yako iko kwenye swali lako lenyewe: "watoto wake wa kiume wamekubali." Mabinti je? Mke je? Madai ya ardhi yana muda wa miaka 12. Binti aliyeolewa Rombo au Dodoma ana muda wa kutosha wa kurudi.

Anza kwa kuuliza kihamba ni cha nani. Kama ni cha mzee mwenyewe na yuko hai, mke asaini ridhaa, na watoto wote, wa kike na wa kiume, wasaini muhtasari wa kikao cha familia, majina kamili, namba za vitambulisho. Kama kilikuwa cha baba yake na mirathi haijafunguliwa, mzee hana cha kukuuzia. Mwambie aende Mahakama ya Mwanzo, ateuliwe msimamizi wa mirathi, arudi na Fomu Namba IV. Hata akiwa nayo, msimamizi si mmiliki: bado unataka saini za warithi.

Ikiwa ni ardhi ya kijiji, mauzo yanahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji iliyokaa kikao, siyo mwenyekiti na mtendaji waliokutana kwenye mgahawa. Omba nakala ya muhtasari wa kikao hicho yenye tarehe na mahudhurio. Bila idhini hiyo mauzo ni batili, hata kama kijiji kizima kilikuona ukihesabu hela.

Halafu tembea shambani taratibu. Tazama masale, ile mimea ya kuonyesha mpaka: yaliyokomaa yana mashina mazito, yamepinda kwa umri, na mengi yako kwenye mstari mmoja. Ukikuta masale mabichi yenye udongo uliochimbuliwa juzi, mpaka umehama. Tazama kama mfongo, mfereji wa asili wa maji, unapita. Maji ya mfongo yana zamu na yana wenyewe, hutauziba kwa sababu umenunua. Uliza makaburi yako wapi. Kihamba cha Mchagga karibu kila mara kina makaburi, na familia itataka kuja kuyafanyia usafi kila Desemba. Yaachwe nje ya eneo unalonunua, na njia ya kuyafikia iandikwe kwenye mkataba, upana wake kwa mita. Mwisho uliza njia yako wewe: gari litapita wapi, kwa ardhi ya nani, na yeye amesaini wapi?

Benki inanipa milioni 60 kwa miaka 15. Wenzangu wa kikoba wanasema riba ya benki ni wizi. Nichukue wapi? (Mwalimu, Himo)

Tufanye hesabu badala ya kutukana benki. Chukua riba ya asilimia 17 kwa mwaka inayohesabiwa kwenye salio. Milioni 60 kwa miaka 15 ni rejesho la kama shilingi 923,000 kwa mwezi, jumla milioni 166. Mkopo ule ule kwa miaka 10 ni kama shilingi 1,043,000 kwa mwezi, jumla milioni 125. Kwa kuongeza 120,000 kila mwezi unaokoa milioni 41. Hakuna ofisa mikopo atakayekuanzia na hesabu hiyo, hivyo iombe kwa maandishi.

Kwa mtumishi wa umma lazima theluthi moja ya mshahara ibaki mkononi. Rejesho la 923,000 peke yake linataka mshahara wa karibu milioni 1.4, na wewe tayari unakatwa kodi, mfuko wa hifadhi na bima ya afya. Ukiona hesabu imekaa sawa kabisa mpaka shilingi ya mwisho, punguza mkopo.

Kikoba kina kazi yake, na nyumba si mojawapo. Riba ya asilimia 5 kwa mwezi kwa miezi 6 ni asilimia 30 ndani ya nusu mwaka, na nyumba haianzi kukulipa ndani ya miezi 6. Kikoba kitumie kwa ada ya upimaji, uthamini au bomba la maji. Na kumbuka benki haitoi mkopo wa nyumba kwa kiwanja cha muhuri wa mwenyekiti. Itakupa mkopo wa mshahara na kuuita jina lolote.

Pagale la vyumba vitatu Usa River, limefika linta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), milioni 35. Fundi wangu amepita nje akasema liko imara.

Fundi aliyepita nje ameona rangi ya tofali. Mrudishe na jembe.

Mchimbishe kando ya msingi kwenye pembe mbili za nyuma, mpaka aone msingi unakalia nini. Ukikalia udongo mweusi wa mbuga bila kuchimbwa na kujazwa moramu, utavimba masika na kusinyaa kiangazi, na ukuta utapasuka mshazari kuanzia pembe za madirisha. Ufa wa hivyo ukiwepo tayari, usikubali kuambiwa ni wa plasta. Pagale halina plasta.

Tofali: kwangua kwa msumari. Ukipata mchanga unaomwagika, limefyatuliwa kwa tamaa. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 usizidi tofali 30 za inchi 6, na mtaani wapo wanaotoa 50. Kama pagale limekaa wazi misimu kadhaa ya mvua, mistari miwili ya juu huwa imekwisha. Itolewe kabla ya kupaua. Linta izunguke nyumba yote, siyo vipande juu ya milango, na nondo ziwe milimita 12. Tuko kando ya Bonde la Ufa: matetemeko ya Julai 2007 yaliyotokea upande wa mlima Gelai yalisikika mpaka Arusha mjini. Nondo zilizochomoza zikibanduka kutu kama magamba, zikatwe.

Kisha omba kibali cha ujenzi na upime umbali mpaka mtoni na barabarani. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka kingo za mto, na barabara kuu na za mkoa hifadhi yake ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Alama ya X nyekundu ya bomoabomoa ikija, haiulizi ulinunua kwa nani.

Nyumba ina kisima chake, Ngaramtoni. Maji ni meupe na matamu. Kuna la kuangalia?

Floridi. Haina rangi, haina harufu, na ukichemsha maji inaongezeka ukali kwa sababu maji yanapungua. Maeneo mengi yanayozunguka Mlima Meru yanayo kwa wingi. Tazama meno ya watoto wa jirani waliozaliwa hapo, kama yana madoa ya kahawia. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Chukua nusu lita kwenye chupa ya plastiki iliyosuuzwa mara tatu kwa maji hayo hayo, siyo chupa ya kioo, upeleke maabara ya maji. Ikizidi, kuna chujio la mkaa wa mifupa. Kituo cha Ngurdoto kimefanyia kazi teknolojia hiyo kwa miaka mingi. Mkaa wake hubadilishwa, haudumu milele. Kama una mtoto chini ya miaka 8, punguza bei au tafuta nyumba yenye bomba la mamlaka, na hata hapo omba majibu ya kipimo.

Muuzaji anataka tuandike milioni 10 badala ya 25 ili kodi ipungue. Anasema nami nitaokoa.

Anaokoa yeye. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi. Alinunua milioni 12, akajenga uzio wa milioni 3, anauza 25: faida ni 10, kodi ni milioni 1. Wako ni ushuru wa stempu, karibu asilimia 1, yaani kama 250,000, pamoja na ada za usajili. Ukiandika 10, mauzo yakivunjika utarudishiwa 10. Na siku ukiuza wewe kwa 40, faida yako kwenye karatasi ni 30. Isitoshe, uhamisho unapitia kwa mthamini. Bei ya kuchekesha inarudishwa.

Mkataba upigwe stempu ndani ya siku 30. Usiopigwa stempu mahakama haiupokei kama ushahidi.

Mwezi gani mzuri wa kununua?

Aprili, mvua ikiwa inanyesha. Nenda na viatu vya mpira, uone maji ya mlimani yanapita sebuleni kwa nani na kama bodaboda inafika. Anayesema subiri barabara ikauke, mwulize kwa nini.